Sinema na Heshima ya Wazee Katika Kilifi

Katika sanaa zote zilizotufikia kutoka ng'ambo, sinema ndiyo iliyoingia upesi zaidi katika maisha ya watu wa pwani. Tenzi zilichukua karne nyingi kukua. Sinema imechukua muda mfupi tu. Wasiojua kusoma huifuata, na waliosoma huijadili. Kwa hiyo, mwenye kutaka kujua namna jamii inavyobadilika hawezi kuipuuza. Lakini si kila picha inayoonyesha nchi huwa habari ya nchi hiyo. Mtu aweza kupiga picha ya mnazi, ya mashua na ya mwezi juu ya bahari ya Malindi, asiwe amesema neno hata moja juu ya watu wa Malindi. Basi, sinema huwa shahidi wa kweli wa mabadiliko ya watu wakati gani? Nitajaribu kulijibu swali hili kwa kuchunguza filamu moja iliyotengenezwa Kilifi; lakini kwanza yafaa tutazame tulikotoka, kisha tutazame walivyofanya wenzetu wa upande wa pili wa bahari.

Tulikotoka hakukuwa na ushahidi mwingi. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 palikuwa na jaribio kubwa la sinema katika Afrika ya Mashariki, na makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Picha zilizotengenezwa huko zilizungushwa kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Mkulima alionyeshwa namna ya kulima, namna ya kujikinga na maradhi, na namna ya kuweka akiba. Mafunzo hayo yalikuwa na faida, na hatuna haja ya kuyabeza. Hata hivyo, mkulima aliyemo katika picha zile ni mwanafunzi daima. Anaambiwa, haambii. Ugomvi wake, hofu yake na mapenzi yake kwa ardhi ya babu zake havikuwa na nafasi, kwa sababu aliyeshika mashine ya picha hakuwa amekuja kumsikiliza.

Baadaye pwani yetu ilipata kuonekana katika sinema za namna nyingine. Mwaka wa 2012, mwongozaji wa Austria, Ulrich Seidl, alitoa filamu iitwayo Paradies: Liebe, juu ya mwanamke wa Ulaya anayekuja kutafuta mapenzi katika fukwe za Kenya. Ni filamu yenye ujasiri, nayo yasema kweli chungu juu ya fedha na upweke. Lakini kiini chake ni roho ya mgeni. Vijana wa pwani waonekana kwa kadiri wanavyomgusa mgeni huyo, na mgeni akigeuka kuondoka, habari yao nayo hukoma. Mama zao wanalima wapi, wanaishi na nani, na wanarithi nini? Hayo yako ng'ambo ya barabara kuu, mbali na hoteli, na mashine ya picha haikuvuka.

Sasa tuivuke bahari yenyewe. Watu wa Malindi wanajua tangu zamani kwamba pepo za kusi humfikisha mtu India. Mwaka wa 1498 Vasco da Gama alipata rubani hapo Malindi, na kabla ya mwezi wa Mei kwisha alikuwa amewasili karibu na Kozhikode, katika nchi ambayo leo huitwa Kerala. Watu wa huko husema Kimalayalam. Wana minazi kama yetu, wana wavuvi kama wetu, na wana Waislamu, Wakristo na Wahindu wanaoishi mlango kwa mlango. Kwa muda mrefu sasa wametengeneza sinema kwa lugha yao wenyewe, na wale watakao kujua historia ya nchi hiyo hufanya vyema kuzitazama filamu zake pamoja na kusoma vitabu vyake.

Mwaka wa 1954 walitoa Neelakuyil, hadithi ya mwalimu wa tabaka la juu anayempenda msichana wa tabaka la chini, kisha akamkana alipopata mimba. Jambo lililosemwa kwa kunong'ona katika kila kijiji lilisemwa pale mbele ya watu wote. Mwaka wa 1965 ilifuata Chemmeen, iliyoongozwa na Ramu Kariat kutoka katika riwaya ya Thakazhi Sivasankara Pillai, nayo ikatunukiwa nishani ya dhahabu ya Rais wa India. Humo mna imani ya wavuvi kwamba maisha ya mume aliye baharini yategemea uaminifu wa mkewe aliye nchi kavu. Mna vilevile baba mwenye tamaa, ambaye hukopa fedha kwa kijana mfanyabiashara ili anunue chombo na nyavu, kisha halipi. Mwaka wa 1981 Adoor Gopalakrishnan alitoa Elippathayam, yaani mtego wa panya. Hiyo ni habari ya mwanamume wa ukoo uliokuwa na ardhi nyingi, ambaye nyakati zimebadilika naye hataki kubadilika. Anakaa ndani ya nyumba kubwa inayochakaa, akihudumiwa na dada zake, mpaka nyumba hiyo yenyewe inakuwa mtego wake.

Filamu hizo tatu zina jambo moja linalozifunga pamoja. Kila moja imeingia ndani ya nyumba na kukaa. Sheria za ardhi za Kerala zilibadilishwa kwa nguvu kutoka mwaka wa 1970, na mfumo wa kale wa jamaa kubwa kumiliki mali kwa pamoja ukafutwa kwa sheria katikati ya miaka ya sabini. Mwanahistoria ataeleza hayo kwa tarehe. Elippathayam yaeleza kwa mtu mmoja aliyeketi barazani, asiyeweza hata kumfukuza ng'ombe wa jirani. Mabadiliko ya nchi yamekuwa mabadiliko ya sura ya mtu, na mtazamaji huyafahamu bila kufundishwa.

Je, pwani yetu imepata filamu ya namna hiyo? Naamini imepata angalau moja. Jina lake ni The Letter, yaani Barua, kazi ya Maia Lekow, mwanamuziki wa Kenya, na mumewe Christopher King, mzaliwa wa Australia. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka wa 2019, katika tamasha kubwa la filamu za maisha halisi, na baadaye Kenya iliichagua kuwa mwakilishi wake katika mashindano ya tuzo za Oscar za mwaka wa 2021. Haina waigizaji. Wanaoonekana ni watu wenyewe, katika mashamba yao wenyewe, wakisema Kiswahili na lugha ya Wamijikenda.

Habari yake ni fupi. Karisa, kijana anayekaa mjini, anapata kujua kwamba bibi yake aliyeko shamba ameitwa mchawi katika Facebook. Bibi huyo ana umri wa zaidi ya miaka tisini. Kijana anarudi nyumbani kuuliza maneno hayo yametoka wapi, na kadiri anavyouliza ndivyo anavyozidi kuona kwamba hayakutoka mbali. Yametoka ndani ya jamaa. Wazee wetu walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na filamu hii yote ni ufafanuzi wa methali hiyo.

Mtazamaji wa mbali atadhani kwamba ameonyeshwa desturi ya kale ya Waafrika ikipambana na mambo ya kisasa: kijana wa mjini ameleta mwanga, na watu wa shamba wamo gizani. Fikira hiyo ni rahisi, na ni kosa. Filamu yenyewe yaonyesha kinyume chake. Tuhuma ya uchawi katika habari hii ni jambo la sasa lililovaa nguo za kale. Imesafiri kwa simu. Imepata nguvu katika mchanganyiko wa mahubiri na tamaa ya mali. Na shabaha yake ni ardhi, kwa kuwa mzee akifukuzwa au akifa, shamba hubaki. Kilicho cha kale katika nyumba ile ni bibi mwenyewe na utulivu wake. Na hicho ndicho kinachoshambuliwa.

Ili tuone ukubwa wa badiliko hilo, yatupasa kukumbuka Wamijikenda walikuwa watu wa namna gani. Makabila yao tisa yalikaa zamani ndani ya makaya, yaani miji yenye ngome iliyozungukwa na msitu, na mambo yao yaliamuliwa na wazee. Misitu hiyo imetambuliwa na shirika la UNESCO tangu mwaka wa 2008 kuwa urithi wa dunia. Mwaka wa 1913, Waingereza walipotaka vijana wa Kigiriama kwa kazi na watu wote kwa kodi, aliyesimama kuwakusanya watu kukataa alikuwa mwanamke mtu mzima, Mekatilili wa Menza. Watu walikula kiapo katika Kaya Fungo. Serikali ilimhamisha Mekatilili mpaka Kisii, na mwaka wa 1914 ikailipua kaya hiyo kwa baruti. Hivyo, miaka mia moja na zaidi iliyopita, sauti ya mwanamke mzee katika nchi ya Kilifi iliweza kuinua kabila zima. Leo mwanamke mzee katika nchi hiyo hiyo aweza kuogopa wajukuu wake.

Hapa tujihadhari tusiupake ukale sukari. Hata zamani watu walituhumiana uchawi, na palikuwa na viapo vikali vya kupambanua mkweli na mwongo. Lakini mwenye kutuhumu alilazimika kusimama. Alikuja mbele ya wazee, akasema kwa kinywa chake, akatazamana uso kwa uso na aliyemtuhumu, na jamaa zote mbili zikasikia. Barua haina uso. Ujumbe wa Facebook hauna uso vilevile. Aandikaye aweza kuketi mbali, akatupa neno kama jiwe la usiku, na asubuhi akashiriki chakula na yule aliyemtupia. Hili ni badiliko kubwa kuliko badiliko la mavazi au la nyumba, nalo ni gumu kulionyesha. Filamu imelionyesha kwa kumfuata mjukuu anayekwenda kutoka mtu hadi mtu, akitafuta kinywa kilichosema.

Sababu ya ardhi nayo ina mizizi mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908 iliruhusu madai ya watu binafsi katika ukanda wa pwani yaandikishwe. Wamijikenda wengi hawakuandikishwa, na vizazi vyao vikaishi kama maskwota katika ardhi waliyoilima. Watu wameongezeka, mashamba yamegawanywa, na bei ya ardhi karibu na bahari imepanda. Shamba ambalo babu alilitazama kama mahali pa kuzikia watu wake, mjukuu aweza kulitazama kama fedha ambazo hazijauzwa bado. Hata vigango, zile nguzo za mbao ambazo Wagiriama husimamisha kwa heshima ya wazee wao waliokufa, vimeibwa katika makaburi na kuuzwa ng'ambo kama mapambo ya nyumba. Penye mnunuzi wa kumbukumbu ya mzee aliyekufa, si ajabu tena kusikia kwamba mzee aliye hai amehesabiwa thamani yake.

Sasa turudi kwa sanaa, maana insha ya uhakiki haitoshi kusifu nia njema. Ubora wa The Letter uko katika mambo mawili. Kwanza, haimhukumu mtu kwa haraka. Wanaomtuhumu bibi ni ndugu, nao ni watu wenye hofu, wenye imani na wenye shida, kama walivyo jirani zetu wengi. Karisa mwenyewe hawezi kuwachukia kwa wepesi, kwa kuwa damu yake ni damu yao, na heshima aliyofunzwa yamkataza kumjibu mkubwa wake kwa ukali. Basi yumo katika mtihani ambao kila kijana wa pwani ataufahamu: atamtetea mkubwa mmoja bila kuwavunjia adabu wakubwa wengine kwa njia gani? Sinema nyingi za kigeni zingemfanya shujaa anayewashinda waovu. Hii imemwacha mjukuu.

Pili, filamu haikuiachia imani ipate ushindi wa bure. Hapa ndipo ninapoiweka kando ya Chemmeen, na kuipa The Letter sifa moja ambayo filamu ile kubwa haina. Katika Chemmeen, mume huzama baharini usiku ule ule ambao mkewe amekutana na mtu aliyempenda zamani. Mtazamaji huondoka akijiuliza kama bahari imetoa adhabu kweli, na wengi huamini kwamba imetoa. Sanaa ni tamu, lakini imani iliyomfunga mwanamke imepigiwa muhuri. Katika The Letter hakuna bahari ya kutoa hukumu. Kuna shamba, kuna bibi, kuna maneno ya watu; na mtazamaji akitafuta uchawi katika hayo yote, haoni ila ardhi na njia ya kuipata.

Pamoja na sifa hizo, filamu ina mipaka. Imekaa ndani ya ukoo mmoja, na hiyo ndiyo nguvu yake. Lakini mtu wa mbali asiyejua historia ya ardhi ya pwani aweza kudhani kwamba tamaa ilizuka yenyewe mioyoni mwa watu hawa. Haikuzuka yenyewe. Umaskini wa ardhi ulitengenezwa kwa sheria, na ndugu wananyang'anyana vipande vilivyobaki. Kadhalika, jina lake ni la Kiingereza, ijapokuwa vinywa vyote vitamu vya filamu hiyo vyasema lugha za nyumbani. Najua kwamba jina la Kiingereza hufungua milango ya matamasha. Lakini mlango wa kwanza wa habari hii ulikuwa mlango wa bibi wa Kilifi, na kwake Barua lingetosha.

Lipo pia pingamizi zito zaidi, ambalo wazee wengi wangelitoa kwa haki. Wangeuliza: Je, ni adabu kuanika aibu ya ukoo mbele ya walimwengu? Siri ya mtungi, wasema, aijuaye ni kata. Pingamizi hili halifai kudharauliwa, hasa kwa kuwa watu wa filamu hii si waigizaji. Mwigizaji wa Elippathayam alivua nguo za mwenye nyumba akarudi kwake. Bibi wa Kilifi, taa zilipozimwa, alibaki na jamaa zile zile. Mtengeneza filamu aliyeingia katika nyumba kama hiyo amebeba amana ya maisha ya mtu.

Jawabu langu ni kwamba siri huheshimiwa pale inapomlinda mnyonge. Inapomlinda mwenye panga, si siri tena, ni ushirika katika kosa. Katika Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na wengine wamekimbia makwao. Imeripotiwa kwamba wapo wanaopaka nywele zao rangi nyeusi ili mvi zisiwasaliti. Ganze kuna makimbilio yanayoitwa Kaya Godoma, ambamo wazee waliotuhumiwa hupewa hifadhi. Msomaji na atafakari jina hilo. Kaya ilikuwa ngome ya watu wote dhidi ya adui aliyetoka nje. Sasa neno lile lile limekuwa jina la mahali ambapo mzee hujificha asionwe na watoto wake mwenyewe. Sheria ya uchawi iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1925 ilikataza hata kumtuhumu mtu ovyo kwamba ni mchawi. Lakini sheria hufika na askari wake baada ya mauaji. Hadithi yaweza kufika kabla.

Hiyo ndiyo kazi ambayo sinema ya Kimalayalam imewafanyia watu wa Kerala kwa miaka mingi, nayo ndiyo kazi ambayo The Letter imeanza kuwafanyia watu wa Kilifi. Mabadiliko hayawezi kuzuiwa, na hayahitaji kusifiwa wala kulaaniwa yote kwa pamoja. Simu iliyompeleka Karisa habari mbaya ndiyo iliyomwita arudi nyumbani kwa wakati. Dini inayotumiwa na wengine kumtisha mzee imewafundisha wengine kumtunza. Kinachotakiwa ni jicho la kutofautisha, na jicho hilo hunolewa kwa kutazama habari za nyumbani zilizosimuliwa kwa uaminifu.

Kwa hiyo, filamu moja haitoshi. Bado hatujaona kwa ukamilifu habari ya mvuvi wa Malindi, ya binti wa Ganze afuataye maji wakati wa ukame, wala ya skwota aliyezaliwa na kuzeeka katika shamba lisilo na hati. Zitatengenezwa na watu ambao leo wako shuleni. Wakati huo haujafika, msomaji ana wajibu mdogo lakini wenye maana: neno likimfikia katika simu kwamba bibi wa fulani ni mchawi, asilipeleke mbele. Aulize kwanza ni nani aliyelisema, na shamba la bibi huyo liko wapi.